Maji Yasiyomlinda Mtu: Hotuba Kuhusu Kasri la Nordkirchen

*Maneno haya yalisemwa mbele ya Waswahili wanaoishi Münster na vijiji vya jirani, jioni ya kuamkia safari yao ya kutembelea Nordkirchen. Yamepangwa upya kidogo ili yasomeke.*

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo wote.

Kesho, Mungu akipenda, tunapanda basi kwenda Nordkirchen. Mwenyekiti amenitaka niseme mawili matatu kuhusu kasri tunalokwenda kuliona, tusije tukafika, tukapiga picha, tukala sambusa zetu na kurudi kama tulivyokwenda. Nilimwambia mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni maji: mifereji, mabomba, na hayo mengine yapitayo mabombani ambayo hayatajwi kabla ya chakula. Akanijibu, jumba lenyewe limezungukwa na maji pande zote nne, sasa tumwite nani? Basi nitaanza na maji. Fedha zitafuata, kwa sababu huwezi kueleza kasri bila kuuliza nani alilipa.

Nchi hii ya Münsterland mnaijua, wengine mnaizunguka kila siku kwa baiskeli. Ni tambarare. Udongo wake sehemu nyingi ni mfinyanzi, hauyanywi maji upesi. Mvua ikinyesha maji hukaa, na ukichimba kidogo tu unakutana nayo. Kusini mwa Ujerumani, bwana wa zamani aliyetaka kulala salama alipanda kilele cha mlima akajenga ngome yake huko. Huku hapakuwa na kilele. Akashika jembe na koleo, au tuseme kweli, akawashikisha wakulima wake jembe na koleo. Walichimba mtaro mpana kuzunguka kiwanja, udongo wakaurundika katikati ukawa kisiwa, na mtaro ukajaa wenyewe. Wenyeji huuita Gräfte. Ndiyo maana nchi hii ndogo ina majumba ya mabwana yaliyozungukwa na maji zaidi ya mia moja. Kesho tutapita karibu na Lüdinghausen, ambako lipo jumba la Vischering, lililoanzishwa mwaka 1271 na Askofu Gerhard von der Mark ili kuwabana mabwana wa hapo waliokuwa wakimsumbua. Raesfeld lina maji. Lembeck lina maji. Hülshoff, alikozaliwa mshairi Annette von Droste-Hülshoff mwaka 1797, lina maji.

Sisi watu wa pwani handaki si jambo geni kwetu. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, walichonga handaki ndani ya jiwe la matumbawe upande wa nchi kavu. Lile halina maji, lakini kazi ni ileile: anayekuja kwa ubaya asiufikie ukuta kirahisi, wala asipate pa kuegemeza ngazi.

Hapo nyuma kuna kijana ameshaniuliza kabla sijapanda jukwaani: jumba zito namna hiyo linasimamaje juu ya tope? Swali zuri, na ni la kazi yangu. Majumba mengi ya aina hii yalisimamishwa juu ya nguzo za mti wa mwaloni zilizopigiliwa ardhini. Mtu anadhani mti ukiwa majini utaoza. Kinyume chake. Ukizama kabisa, hewa haiufikii, na kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kuishi bila hewa. Unadumu karne nyingi. Balaa huanza maji yanaposhuka na vichwa vya nguzo vikabaki nje, leo vikauke, kesho viloane. Kwa hiyo mtunzaji wa jumba la namna hii akiona kiangazi kimezidi hana raha. Hayo maji ya nje yana uhusiano na msingi wa ndani. Mkienda kesho mkaona watu wanapima kina cha maji, msidhani wanavua samaki.

Sasa tumtafute mwenye nyumba.

Zamani hizo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa dola kubwa kwa jina, na ndani yake vidola mamia, kila kimoja na mkuu wake. Münster ilikuwa moja ya dola zile zilizotawaliwa na askofu. Na nikisema kutawaliwa, nina maana ya kutawaliwa hasa: askofu alibariki ndoa kwa mkono mmoja na kutoza kodi kwa mkono mwingine. Alikuwa na mahakama, alikuwa na jeshi, alifunga mikataba na wafalme. Mwaka 1688 alichaguliwa askofu aitwaye Friedrich Christian von Plettenberg, mwaka uleule Louis XIV wa Ufaransa alipoingia vitani na karibu nusu ya Ulaya. Kwa mkuu wa nchi ndogo iliyo njiani, kati ya Uholanzi, Rhine na Ujerumani ya kaskazini, vita ya namna hiyo ilikuwa hatari, lakini ilikuwa na biashara ndani yake. Jeshi lilikuwa bidhaa. Mataifa makubwa yalilipa ruzuku ili askari wa nchi ndogo wawe upande wao, au angalau wasiwe upande wa pili. Friedrich Christian alikuwa hodari katika meza hiyo ya mazungumzo.

Lakini alikuwa na tatizo moja lililowasumbua maaskofu wote wa aina yake. Kiti cha askofu hakirithiwi. Askofu anachaguliwa na baraza la makanoni, yaani makasisi wa kanisa kuu, na akifa huchaguliwa mwingine, pengine wa ukoo hasimu. Kila alichojenga kwa ajili ya dola kilibaki cha dola. Alikwisha jenga kasri la Ahaus, karibu na mpaka wa Uholanzi, nalo lina handaki la maji, lakini lile lilikuwa la yeyote atakayekalia kiti. Ukoo wake ungebaki na nini? Mwaka 1694 Nordkirchen ikanunuliwa kutoka kwa warithi wa ukoo wa Morrien, mabwana wakubwa wa eneo hilo tangu zamani, waliokuwa na ngome kubwa ya maji mahali hapohapo. Mali haikuwa ya dola. Ilikuwa ya akina Plettenberg.

Mpaka kati ya mfuko wa dola, mfuko wa kanisa na mfuko wa ukoo ulikuwa hafifu sana siku hizo. Leo tungeunda tume, tume ingekaa miaka mitatu, na mwisho ripoti ingefungiwa kabatini. Wakati ule hata tume haikuhitajika. Watu waliona ni kawaida kwamba mkubwa akipata, na nduguze wapate. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema mkisimama kesho mbele ya yale matofali, mkumbuke yametoka wapi.

Mwaka 1703 ujenzi ukaanza. Ngome ya akina Morrien iliondoka, handaki likapangwa upya kwa kamba na vipimo, na kisiwa kikawa mstatili mkubwa ulionyooka. Askofu alifariki mwaka 1706. Aliona misingi na kuta kiasi, kasri hakuliona.

Hapa ndipo napata lile ninalotaka tuondoke nalo jioni hii. Mwaka 1703 handaki la maji lilikuwa limekwisha kazi. Mizinga ilikuwepo muda mrefu. Jeshi lenye mizinga halihitaji kuvuka mtaro wako. Linakaa mbali shambani na kukubomolea nyumba bila kulowesha buti. Mtu anayebomoa ngome na kujenga jumba lenye madirisha makubwa kuanzia chini hadi juu hana nia ya kujikinga na adui. Basi kwa nini hakufukia mtaro? Kwa nini aliupanua, akaunyoosha na kuujengea kingo?

Sababu moja ni ya fundi: ardhi yenyewe ina maji, ukifukia mtaro maji yatatafuta pa kwenda, na yatapapata chini ya jumba lako. Sababu ya pili ni ya jikoni, maana maji yana samaki, na nyumba ya Kikatoliki ilikula samaki siku nyingi za mwaka. Lakini kubwa, kwa maoni yangu, ni ya heshima. Katika nchi hii, tangu karne nyingi, bwana ni yule mwenye nyumba iliyozungukwa na maji. Akina Plettenberg walikuwa wametoka kununua mahali pa ukoo mkongwe. Wangefukia maji wangeonekana matajiri wapya waliojenga nyumba nzuri. Walipoyaacha, walionekana mabwana waliokuwepo siku zote. Na kwa kuwa hayakuhitajika tena kwa vita, yalipewa kazi nyingine: kuwa kioo. Mchana usio na upepo jumba lote hulala kichwa chini ndani ya maji, na unaliona mara mbili kwa gharama ya mara moja.

Huo ndio mtindo wa ujenzi wa siku hizo, uitwao Baroko, kwa tabia yake. Unapenda kuonekana. Unapenda mstari mmoja wa katikati ambao kila kitu kinautii: barabara, daraja, ua, mlango, ukumbi, bustani nyuma. Kesho tukifika, nawaomba msikimbilie pembeni. Simameni upande wa kusini, katikati kabisa, mtazame. Jengo kuu liko mbele yenu mwisho wa ua, na pande mbili kuna mabawa yanayokuja kuwalaki, kila sehemu ikishuka kimo kadiri inavyowakaribia, kwa hiyo jicho linapandishwa ngazi hadi kwenye mlango wa mwenye nyumba. Katika pembe nne za kisiwa kuna vijengo vidogo kama minara. Ngome ya zamani ingeweka hapo walinzi wenye bunduki. Hapa ni pambo, kumbukumbu ya ngome iliyovalishwa nguo za sherehe.

Mbunifu wa kwanza alikuwa Gottfried Laurenz Pictorius, mtu wa Münster, akisaidiwa na ndugu yake Peter. Baadaye, katika miaka ya 1720, kazi ilishikwa na Johann Conrad Schlaun, na huyu ningeweza kumzungumza mpaka usiku wa manane. Alizaliwa mwaka 1695, akaanza kama mwanajeshi wa mizinga, akapelekwa kujifunza kwa Balthasar Neumann kule Würzburg, akaenda Roma, akapita Ufaransa. Aliporudi akaigeuza sura ya nchi hii. Lile jumba la Münster ambalo leo ni makao ya chuo kikuu, mnakopeleka fomu zenu na kurudishwa kwa sababu ya muhuri mmoja, mchoro ni wake. Kanisa la Clemens mjini ni lake. Erbdrostenhof, lile jumba lililobanwa kwenye kona ya barabara likasimama kwa mshazari kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, ni lake. Na nyumba aliyojijengea mwenyewe nje ya mji, Rüschhaus, ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mbele ni nyumba ya mkulima yenye mlango mkubwa wa gari la nyasi, nyuma ni nyumba ya bwana inayotazama bustani. Annette yule mshairi alikuja kuishi humo mwaka 1826.

Wenyeji na vitabu vya watalii huliita Nordkirchen Versailles ya Westfalia, yaani mfano wa kasri la Louis XIV la Versailles katika eneo letu hili. Nawaomba mlipokee jina hilo kwa tahadhari. Ndiyo, kuna ua mkubwa wa mbele, kuna mstari wa kati, kuna bustani iliyokatwa kwa mkasi. Lakini angalieni ukuta. Ni matofali mekundu ya kuchoma, yamepigwa mipaka kwa jiwe la rangi ya krimu kutoka vilima vya Baumberge, magharibi mwa Münster. Hiyo ni ladha ya huku na ya Uholanzi jirani. Na katika suala la maji, mambo yamegeuka kabisa. Kule Versailles, Louis XIV alijenga mahali pasipo na maji. Ili chemchemi zake ziruke ilibidi ajengewe mtambo pale Marly, uliomalizika mwaka 1684, wenye magurudumu 14 makubwa kwenye mto Seine na pampu zaidi ya mia mbili, wa kuyapandisha maji zaidi ya mita 150. Mtambo ulipiga kelele, ukaharibika mara kwa mara, na bado chemchemi zote hazikuweza kuruka kwa pamoja. Watunza bustani walifungulia zile alizokaribia mfalme na kufunga alizozipita. Huku Nordkirchen shida ilikuwa kuyapa maji mahali pa kukaa. Ningepewa kandarasi mojawapo, ningechukua hii.

Tuingie ndani kidogo, kisha tutoke tena. Ndani kuna dari za lipu ya nakshi, kazi ya mafundi wa Kiitalia waliokuwa wakizunguka Ulaya ya kaskazini kutoka jumba hadi jumba. Ukumbi wa karamu unaitwa kwa jina la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi wa kale. Msishangae kumkuta Jupiter katika nyumba iliyoanzishwa na askofu. Kanisa dogo nalo limo ndani ya mpangilio uleule, limepambwa hasa, na hadi leo watu hufungia ndoa humo. Vyumba ni vizuri. Lakini nitasema ukweli: samani za ndani zimebadilika na wenyewe waliobadilika, na kama una saa moja tu, itumie nje.

Sasa turudi kwa wenye nyumba, maana hapa hadithi inachemka. Aliyelimalizia kasri ni Ferdinand von Plettenberg, mtoto wa ndugu yake askofu, aliyezaliwa mwaka 1690. Huyu hakuwa kasisi. Alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa wa kuogopwa. Mwaka 1719 alisaidia sana kumpatia kiti cha uaskofu wa Münster kijana wa nyumba ya kifalme ya Bavaria aitwaye Clemens August, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 19. Kijana alipanda haraka. Mwaka 1723 akawa askofu mkuu wa Köln na mmoja wa wale wakuu wachache waliokuwa na haki ya kumchagua Kaizari. Mwishowe alikusanya viti vitano, watu wakamtania kwa jina la Bwana wa Makanisa Matano. Kijana alipenda kuwinda, muziki na kujenga. Kutawala alimwachia Ferdinand, waziri wake mkuu.

Mnaweza kujaza wenyewe yaliyofuata. Paris ilimtaka Ferdinand, Vienna ilimtaka, London ilimtaka, maana atakakoelekea yeye ndiko bwana wake atakakoelekea, na kura ya bwana wake ilikuwa na bei. Kaizari akampa cheo cha Graf, yaani kabaila wa dola. Kule Nordkirchen kazi ikachapuka. Schlaun alimjengea Ferdinand huku, na wakati huohuo, kuanzia mwaka 1725, akamjengea Clemens August kasri la Augustusburg pale Brühl, ambalo sasa limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1984. Waziri na bwana wake walishiriki mbunifu mmoja. Sijui kama hilo ni jambo la busara katika ajira yoyote, nyumba ya waziri ikikaribia kulingana na ya mkubwa wake.

Mwaka 1733 ikavunjika. Clemens August alikuwa na rafiki aliyempenda mno, Johann Baptist von Roll. Roll akauawa katika pambano la upanga la watu wawili, na aliyemuua alikuwa jamaa wa Plettenberg. Clemens August alilia kama aliyefiwa na mtoto, na hakuweza kuamini kwamba waziri wake hakuwa na mkono. Ferdinand akafukuzwa kazi. Cheo kikaondoka, na mifereji yote ya fedha iliyopitia cheo ikakauka siku hiyo. Alikimbilia upande wa Kaizari, akateuliwa kuwa balozi kwa Papa, lakini alifia Vienna mwaka 1737 kabla ya kwenda kushika kazi Roma. Kule Nordkirchen ujenzi unahesabiwa kuwa uliisha mwaka 1734. Mnaona tarehe zinavyokaa jirani.

Niruke karne moja upesi, kwani kasri halikufanya mengi zaidi ya kukaa. Mwaka 1803 dola za maaskofu zilifutwa, Münster ikaacha kuwa nchi, na baada ya Napoleon kuanguka sehemu hizi zikawa za Prussia. Mwaka 1813 mwanamume wa mwisho wa tawi lile la Plettenberg akafariki, akaacha binti mdogo, Maria. Maria akaolewa mwaka 1833 na mwanamume wa ukoo wa Esterházy wa Hungaria, na kasri likaenda naye, kama nyumba zinavyokwenda kwa ndoa. Wenyewe walikuwa na makazi mengine na dunia nyingine ya kuishi.

Mwaka 1903 alikuja mnunuzi aliyelitaka kweli, Engelbert-Maria, Herzog wa Arenberg, cheo kilicho juu ya Graf. Ukoo huu ulikuwa na haki za madini katika eneo la Vest Recklinghausen, kusini kidogo tu ya huku, na chini ya ardhi hiyo yalikuwa makaa ya mawe ya Ruhr. Hebu fikirieni wachimbaji wanaingia shimoni kabla ya jua kuchomoza, kila tani inayopanda juu inaacha sehemu yake kwa mwenye haki, na kilomita chache kaskazini sehemu hiyo inageuka kuwa maua.

Kwani yeye ndiye aliyetuachia bustani. Alimwita Achille Duchêne, Mfaransa, bingwa wa kufufua bustani za mtindo wa karne ya kumi na saba. Yeye na baba yake Henri walishiriki kufufua ile ya Vaux-le-Vicomte, na baadaye Achille alitengeneza matuta ya maji ya Blenheim kule Uingereza. Nyuma ya kasri, ng'ambo ya daraja la kaskazini, kuna kisiwa cha pili kinachoitwa kisiwa cha Venus. Duchêne alikijaza michoro ya zulia iliyochorwa kwa vichaka vifupi na changarawe za rangi, na sanamu kando kando. Mtu akisimama pale husema, aa, hivi ndivyo walivyoishi mwaka 1720. Sivyo. Bustani anayoitazama ilipangwa kati ya mwaka 1907 na 1914. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha fika ziwani kabla mche mmoja wa bustani hiyo haujapandwa. Wengine huliona hilo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Duchêne alijua alichokuwa anakifanya, na amekifanya kwa ufundi. Ila ni vizuri mtu ajue anatazama ndoto ya tajiri wa makaa kuhusu enzi ya maaskofu.

Kando, katika bustani ya magharibi, mtakuta nyumba ya pekee iitwayo Oranienburg, iliyoanzishwa na Pictorius na kubadilishwa na Schlaun kuwa nyumba ya starehe za bustanini. Watu wengi huipita. Msiipite.

Vita ya kwanza ilipoanza mwaka 1914 mikasi ya watunza bustani ilisimama, na bustani ya namna ile ikikosa mkasi miaka michache tu inageuka pori. Vita ya pili iliunguza kasri la Schlaun mjini Münster mwaka 1945 likabaki kuta, likajengwa upya baadaye. Nordkirchen ilinusurika. Jimbo la North Rhine-Westphalia, lililozaliwa mwaka 1946, lilikodi jumba kwa akina Arenberg mwaka 1949, na mwishoni mwa miaka ya 1950 likalinunua. Kisiwa cha Venus, kilichokuwa kimebaki majani matupu, kilirudishiwa michoro ya Duchêne karibu na mwaka 1990, kwa fedha za umma.

Na ndani ya kasri jimbo liliweka nini? Makumbusho? Hoteli? Liliweka chuo cha kufundishia maofisa wa kodi. Naam, cheka, Mama, hata mimi nilicheka. Vijana wa Finanzamt, ofisi ya kodi, wale wanaotuandikia barua za kahawia kila mwaka, wamesomea humo tangu miaka ya 1950. Wanasoma sheria ya kodi ya mapato chini ya paa lililoezekwa kwa ruzuku za majeshi. Nimewahi kumsikia mtu akisema ni aibu, kasri zuri kama hilo kujazwa viti vya darasani na mashine za kahawa. Mimi naona kinyume. Nyumba kubwa isiyo na watu hufa kuanzia kwenye mabomba. Nawaambia hili kwa uzoefu. Chuo kinawasha moto wa nyumba wakati wa baridi, kinafungua madirisha, kinapigia simu mafundi maji yakivuja. Na mwenye nyumba sasa hivi ni mlipa kodi wa jimbo hili, kwa hiyo kila mwenye hati ya mshahara katika chumba hiki ana tofali lake pale. Dogo, lakini lipo.

Kabla sijakaa, mambo ya safari. Bustani ni wazi kwa watu wote, hakuna kiingilio. Ndani ya jumba huingii peke yako. Ni kwa kuongozwa, nasi tutagawanyika makundi mawili ili mwongozaji asichoke na watoto wetu. Watoto hao washikwe mikono kwenye kingo za handaki, hakuna uzio kila mahali na maji si ya kuogelea. Bata wa pale wamezoea watu, ila msiwape maandazi. Pikiniki yetu tutaifanya upande wa miti, tusikalie zile pembe za bustani zilizopambwa, na chochote tulichokuja nacho tunarudi nacho.

Basi linaondoka saa mbili kamili asubuhi. Mwenye basi ni Mjerumani. Vaeni viatu vya kutembelea, dada zangu, si vile vya harusini, maana njia zote ni za changarawe.

Haya, maswali.